Mwaka wa Vyakula Vilivyosindikizwa

Tulimzika Shangazi Filomena mwezi uliopita, upande wa Matogoro, na siku ya tatu ya msiba nikagombana na kamati mbele za watu. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa soda. Wanakamati, watu wenye nia njema kabisa, walikuwa wamepanga kreti za soda chini ya turubai mpaka zikafika kimo cha mtu, juu ya kreti wakaweka maboksi ya biskuti, na juu ya maboksi, kwa kukosa pahali pengine, wakaweka picha ya Shangazi mwenyewe anatabasamu, kama vile ndiye mwenye duka. Nikasema hapana, hili haliwezekani. Mwenyekiti wa kamati, mtu mzima mwenye heshima zake na kitambi chake, akaniuliza taratibu, "Sasa mzee Thadei, waombolezaji wanywe nini?" Nikamwambia wanywe togwa, au maji. "Maji?" akasema, akigeuka kuwatazama wenzake. "Watu wametoka Mbinga na Tunduru huko, mzee, tuwape maji?" Nikapaza sauti. Nadhani walinisikia mpaka Njombe. Mke wangu akanishika mkono, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki, na baada ya muda mtu akaniletea soda, ya moto, nikainywa yote kwa hasira.

Siwalaumu walioniona nimechanganyikiwa. Ili unielewe inabidi nikueleze mwaka mmoja, ule niliokaa kwake Mjimwema, hapa Songea, nikiwa na miaka ishirini na minane, mchana nabeba magunia kwenye mashine ya kusaga na kukoboa kule Bombambili, jioni nasoma darasa la watu wazima kutafuta cheti cha kidato cha nne ambacho wenzangu walikipata wakiwa bado hawajaota ndevu. Habari za ukoo wetu siziandiki hapa. Wanaohusika wanajuana, na waliokuwa hawajuani wamejuana msibani. Itoshe kusema kwamba Shangazi alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati, kwamba alinichukua ili anifundishe, na kwamba mimi, kwa sababu ya silabi moja tu ya Kiswahili, nilikaribia kumpotezea kichwa na nyumba kwa pamoja.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na jiko la nje, aliijenga yeye mwenyewe kwa mshahara wa ualimu, chumba kimoja kila baada ya miaka kadhaa, na ukiangalia ukutani unaona kabisa pale tofali za muhula huu zilipokutana na tofali za muhula ule. Muda mfupi kabla sijahamia, Shangazi alikuwa ameinjika maharage, akaenda zake kwenye mazoezi ya kwaya, akayasahau. Majirani waliokuja na ndoo walikuta sufuria limegeuka mkaa na mlango wa jiko umeshaanza kushika moto. Binti yake wa pekee, Konsolata, anayeishi Dar es Salaam kwenye nyumba ya ghorofa, akapanda basi siku ileile, akafika, akatazama mlango ulioungua, akasema maneno ambayo yalikaa na sisi mwaka mzima kama mpangaji wa tatu: "Mama, likitokea lingine kama hili, unafungasha." Shangazi akamjibu, "Nikafanye nini ghorofani? Nihesabu ngazi?"  Mimi, kwa kuwa nilikuwa nahamia pale, nikapewa kazi. "Wewe ndiye utakayekuwa unaniambia ukweli," Konsolata alinieleza pembeni. "Nitapiga simu kila Jumapili baada ya misa." Nikakubali kwa kifua mbele. Mtu wa kuambiwa aseme ukweli kila Jumapili, halafu akachaguliwa mimi, ambaye nikisimulia mvua ya manyunyu watu wanaanza kutafuta mtumbwi!

Sasa, chakula. Shangazi alikuwa amepikia kuni miaka arobaini, na alipostaafu ualimu alistaafu na jiko. "Moshi niliokula unatosha kukausha dagaa wote wa Ziwa Nyasa," alisema. Maharage yale ya kuungua yalikuwa ya bahati mbaya, ya mgeni aliyemwomba. Siku za kawaida asubuhi ni mkate wa slesi na siagi ya kopo, ile ya njano ambayo ungeweza kuianika juani tangu Pasaka mpaka Krismasi na nzi asiisogelee. Saa nne soda na biskuti. Mchana tambi za pakiti, zile za kumwagia maji ya moto, na kile kijimfuko cha unga unaonukia kuku ambaye hajawahi kutaga popote duniani. Jioni soseji mbili na chai yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Jiko lilikuwa safi kuliko sakristia. Nami sikuona ubaya wowote. Tena mimi mwenyewe kabla ya darasa nilikuwa nakunywa kile kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu, naingia macho yamenitoka kama kinyonga, natoka sikumbuki hata aliyefundisha ni mwanamume au mwanamke.

Mwezi wa tatu nikampeleka kliniki. Nesi alikuwa mama mwenye haraka na huruma, vyote kwa pamoja. Akapima presha, akapima sukari, akaguna. Akamwuliza Shangazi maswali madogo madogo, leo siku gani, huu mwezi wa ngapi, na Shangazi akajibu vizuri isipokuwa mwezi; akasema wa kumi. Nesi hakucheka. Akanigeukia mimi. "Kusahau kuna sababu nyingi, kaka, na nyingine tutazitafuta taratibu. Ila la kuanza nalo nyumbani ni hili: mpunguzieni vyakula vilivyosindikwa sana. Presha na sukari vikipanda vinachosha mishipa, na mishipa ndiyo inayolisha ubongo." Pembeni yetu kulikuwa na kichanga kinachomwa sindano, kinalia kama kinauzwa. "Umeelewa? Au nikutajie kimoja kimoja?" Nikasema, "Nimeelewa." Nimeelewa! Hilo ndilo lililokuwa gonjwa langu, na halina kliniki. Nikatoa daftari langu la masomo, nikaandika kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake mara mbili: VYAKULA VILIVYOSINDIKIZWA, MARUFUKU.

Leo nikiwasimulia watu wanadhani natunga, ila fikiria mwenyewe. Kwetu sisi mgeni haondoki mikono mitupu. Akiaga anasindikizwa, na anasindikizwa na kitu: karanga kwenye kitambaa, unga, kuku aliyefungwa miguu anayekutazama kwa lawama njia nzima. Na anayetoka kijijini naye haji hivihivi. Basi nilipoambiwa vyakula vilivyosindikizwa vinaharibu ubongo, niliona kabisa maana yake: ni haya mafurushi ya ndugu. Nikajitungia na sayansi yake, nikawa nawafundisha wenzangu pale mashineni. Chakula kikisafiri, niliwaambia, kinachoka. Kinavuta vumbi, kinavuta moshi wa basi, kinavuta pumzi za abiria, na kile kinachofika mezani ni jina tu. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akaacha kula mihogo ya mama mkwe wake, jambo ambalo nadhani alikuwa analitafutia sababu siku nyingi.

Wa kwanza kukumbwa na marufuku yangu alikuwa Bi Somoe. Huyu ni Myao wa Tunduru, alifundisha shule moja na Shangazi miaka mingi, na tangu walipostaafu hakukosa kuja Songea mara mbili tatu kwa mwaka na kiroba chake: korosho za shambani kwake alizozibangua kwa mkono, karanga, mbaazi, unga wa muhogo. Alifika mwezi wa sita, jua la mchana, jasho linamtoka. Nikamwamkia, nikampokea mkoba, kiroba nikakizuia mlangoni kwa mguu.

"Samahani mama, hiki hakiingii."

"Hakiingii kina nini? Kina nyoka?"

"Shangazi amekatazwa hospitali vyakula vilivyosindikizwa."

Bi Somoe akanitazama, akakitazama kiroba, akanitazama tena. "Vilivyosindikizwa na nani?"

"Na wewe, mama."

"Astaghfirullah!" Akajishika kiuno. "Yaani nimekaa kwenye basi tangu alfajiri na mzigo huu mapajani, kumbe nasindikiza maradhi?"

"Si wewe, mama. Ni ile safari yenyewe."

"Filomena!" akaita ndani. "Wee Filomena! Unamsikia huyu mtoto wako?"

Shangazi alikuwa kitini, glasi ya soda mkononi, ametulia kama askofu. Akatabasamu tu. "Mwache, Somoe. Anasoma huyo."

Bi Somoe alilala kwetu usiku mmoja, na kiroba kikalala barazani kama mlevi aliyefungiwa mlango. Asubuhi nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka natamani kuingia uvunguni: nikamsindikiza. Nikambebea kiroba chake kilekile, kimejaa vilevile, kwa adabu zote nilizofundishwa, mpaka stendi, nikampandisha kwenye basi na korosho zake.  Alipokaa dirishani akasema, "Mungu akinijaalia nitarudi. Nitakuja mikono mitupu, kama mwizi."

Pengo lililobaki nikalijaza dukani. Nilinunua vitu ambavyo hakuna ndugu aliyevigusa: vimefungwa, vina tarehe, vinang'aa. Biskuti za krimu, juisi ya unga ya kukoroga, soseji, tambi za ladha tatu. Rafu ya jikoni ikapendeza kama madhabahu ya Krismasi. Na Shangazi akazidi kupotea. Alianza kuniita kwa jina la baba yangu. Akatia chumvi kwenye chai, akainywa, hakusema kitu, na mimi nikainywa, nami sikusema kitu. Nyuma ya mlango wa sebule kulikuwa na ubao mdogo aliokuwa ananifundishia hisabati kila mchana wa Jumamosi, na Jumamosi moja mwezi wa saba, katikati ya hesabu za sehemu, alisimama na chaki mkononi akiitazama saba mara nane. Mwanamke yule! Mtu aliyekuwa anatafuta kipeuo cha pili huku anachambua mchele! Aliitazama kama mtu aliyekutana na jirani na jina limemtoka. Nikasema hamsini na sita. Akasema, "Nilikuwa nakusubiri wewe," akafuta ubao wote, akaenda kulala. Kesho yake Jumapili simu ikalia. "Mama yuko vipi?" akauliza Konsolata. "Imara kama mlima Matogoro," nikamwambia. Sikuwa nadanganya, nilijiambia. Nilikuwa najitahidi, chakula kilikuwa safi, kichwa kingerudi tu.

Mwezi wa nane, darasani. Mwalimu Haule, aliyetufundisha Kiswahili, alikuwa na mnyambuliko wa vitenzi, akaandika ubaoni neno moja: SINDIKA. "Nani atatuambia maana yake?" Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajageuka. Nikasema ni kumtoa mgeni, mwalimu, kumfikisha njiani. "Hiyo ni sindikiza," akasema. "Mimi nimeandika sindika." Mama mmoja wa kiti cha nyuma, muuza mafuta ya alizeti, akasema kwa unyonge, "Si kukamua, mwalimu? Kama alizeti, mpaka mafuta yatoke?" Mwalimu Haule akafurahi. Akasema vema kabisa, ndiyo maana ya zamani, na siku hizi ndilo neno tunalotumia kwa chakula kinachotengenezwa kiwandani. Na kipo kilichosindikwa kidogo kama hayo mafuta yako, mama, na kipo kilichosindikwa sana, kikageuzwa, kikatiwa rangi na ladha na vitu vya kukizuia kisioze: soda, soseji, biskuti za krimu, juisi ya unga, tambi za pakiti. Alikuwa anaitaja rafu yetu! Kana kwamba amesimama jikoni kwa Shangazi, anasoma kutoka kushoto kwenda kulia!

"Thadei, mbona umesimama? Kaa."

"Mwalimu, na korosho za kubangua kwa mkono?"

"Hizo zimebanguliwa."

"Na karanga za Tunduru? Zilizokuja na basi?"

"Hizo zimesafiri tu, Thadei!"

Darasa likaangua kicheko. Mtu akauliza kama walizikatia tiketi. "Na sembe yetu ya mashineni?" nikauliza, sauti inanitoka kama ya panya. Akasema kukoboa nako kunaondoa vizuri vingi, dona ni bora, ila hajapata kuona mfuko wa sembe wenye orodha ya viungo ndefu kuliko litania ya watakatifu. "Ukiona orodha ya namna hiyo, hapo ndipo pa kujiuliza." Tangu siku ile mpaka mtihani jina langu pale likawa Sindikiza. Wapo wanaoniita hivyo mpaka leo, tena mbele ya wakwe.

Sikusubiri kengele. Nikaiendesha baiskeli kutoka Bombambili mpaka Mjimwema kwa mwendo ambao bodaboda walinipisha. Nikamkuta Shangazi sebuleni na biskuti zake. "Shangazi!" nikapiga kelele tangu mlangoni. "Nesi alisema vilivyosindikwa! Si vilivyosindikizwa! Vilivyosindikwa!" Akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu sana, biskuti imesimama njiani kwenda mdomoni. Kisha akatabasamu.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilijua tangu siku ileile. Mimi ni mwalimu, Thadei. Unadhani sijui kusindika na kusindikiza?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, nani angeniletea soda?"

Loo, nilivyowaka! Nilizunguka ile sebule kama ng'ombe aliyeingia kanisani. Miezi mitano! Nimemfukuza Bi Somoe wa watu na kiroba chake, kumbe mzee mzima amekaa kitini ananichezea! Lakini hasira ile, nakiri, ilikuwa na raha ndani yake. Mtu anayeweza kukudanganya miezi mitano bila kuteleza ana kichwa kizima. Nililala usingizi mtamu kuliko usiku wote wa mwaka ule, na Jumapili nikamsimulia Konsolata kisa chote, nikaongeza na vibwagizo vyangu. Alicheka mpaka akakohoa. "Basi huyo ndiye mama yangu ninayemjua," akasema. "Nimepumua."

Kupunguza vyenyewe kulikuwa vita. Nilitaka kutupa kila kitu siku moja. Shangazi akasema, kwa sauti ileile ya kusahihisha madaftari, kwamba vitu vilivyokwisha kununuliwa vimalizwe kwanza, tusimkufuru Mungu. Soda zikapungua kutoka mbili kwa siku hadi moja, hadi ya Jumapili tu, na katikati hapo nilizikuta nyingine ndani ya mtungi wa maji, nyingine kwenye buti zake za shamba, na biskuti ndani ya mkoba wa vitabu vya nyimbo. "Hizo ni za kwaya," alisema. Nikaamua kupika mwenyewe. Nilipika kande ambazo mahindi yake yangeweza kupakiwa kwenye bunduki. Nilipika ugali wa dona ukawa na kaburi la unga mkavu katikati. Siku ya tatu Shangazi akanyanyuka, akaninyang'anya mwiko. "Toka hapo," akasema. "Sikunusurika na moshi miaka arobaini nije kufa na mikono yako." Na hivyo ndivyo alivyorudi jikoni. Tukaweka sheria moja: aliyeinjika chungu habanduki mpaka kimeipuliwa. Kwa kuwa hawezi kukaa bure, na mimi siwezi kukaa bila kufundishwa, ubao ukahamia jikoni. Nilijifunza sehemu kwa maharage, nikajifunza uwiano kwa unga na maji, na uji wa ulezi ndio ulionielewesha ujazo. Nami lile kopo la kuongeza nguvu nikaliacha; wiki ya kwanza kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa kuni ndani, wiki ya tatu nikaanza kukumbuka sura ya mwalimu.

Sisemi chakula peke yake ndicho kilichofanya kazi. Nesi alimpa na vidonge vya presha, na sasa kwa kuwa anapika alikuwa anatembea kwenda sokoni, anabishana na wauza mchicha, analala mapema. Lakini mwezi wa kumi presha ilikuwa imeshuka, na siku moja, anakoroga kisamvu, hakuniangalia hata kuniangalia, akasema, "Saba mara nane ni hamsini na sita. Usifikiri sikukuona siku ile."

Bi Somoe nilikuwa nimemwomba radhi kwa simu, mara nne, maana mara tatu za kwanza alikuwa anacheka hanisikii. Alirudi mwezi wa kumi na moja na korosho za msimu mpya, nikamlaki stendi, nikakibusu kiroba mbele za watu. Alikaa wiki. Siku ya kuondoka nilimsindikiza tena, na njiani nikawa namsimulia, kwa mara ya kumi labda, jinsi Shangazi alivyonichezea miezi mitano. Nilikuwa nimefika pale pa "nani angeniletea soda" nilipoona nacheka peke yangu. Bi Somoe alikuwa amesimama.

"Thadei mwanangu, nitakuambia neno, lakini usiniponze kwa Filomena." Akashusha sauti ingawa barabara ilikuwa tupu. "Hakujua."

"Hakujua nini?"

"Siku ile ulipoingia unapiga makelele; kaniambia mwenyewe. Hakukumbuka nesi wala hakukumbuka kliniki. Wallahi, hakuwa anajua unazungumza kitu gani. Ila aliona uso wako unataka ajue, basi akasema najua. Lile la soda alilitunga papo hapo."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama aliyechoka kufundisha. "Kwa sababu Jumapili Konsolata hupiga simu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, baiskeli naikokota. Mwezi mzima nikawa nikimtazama Shangazi anapika, anaimba, anasahihisha mahesabu yangu, nasema huyu ni mzima. Halafu nakumbuka ile biskuti iliyosimama hewani. Na Konsolata alikuwa ametulia Dar kwa sababu ya ushahidi wangu mimi, ushahidi wa uongo nilioupeleka mwenyewe, umepakwa rangi zote nilizokuwa nazo.

Alikuja Krismasi. Alikuja na maboksi: biskuti za bati, juisi za boksi, makopo ya nyama, chokoleti. Nikauzunguka mzigo ule mara mbili, maana kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa natazama vyakula vilivyosindikwa na kusindikizwa kwa pamoja. Siku ya Krismasi tulikula wali, kuku wa kienyeji na majani ya maboga yenye karanga, na baada ya chakula Konsolata akaniita nyuma ya jiko. Hakuwa anatabasamu. "Wewe unaishi naye. Nikimwacha hapa namwacha salama, au namwacha kwa sababu nimechoka kubishana? Niambie ukweli."

Nikamwambia. Nilimwambia lile la kliniki, kwamba hakunidanganya, alisahau kliniki nzima. Nilimwambia la saba mara nane na la chumvi kwenye chai. Nikamwambia pia la jikoni, presha, kisamvu, kwamba tangu mwezi wa nane anarudi, ila sijui amerudi mpaka wapi, na kwamba nikifaulu nisifaulu sina mpango wa kuhama. Nilizungumza vizuri, bila mbwembwe, jasho linanitoka. Konsolata akanisikiliza mpaka mwisho, kisha, jamani, akaanza kucheka.

"Thadei, wewe! Si wewe uliyeniambia presha ya mama imeshuka nesi akapiga vigelegele? Si wewe uliyeniambia mama amewashinda wahasibu wa benki kwa kichwa? Leo unataka nikuamini hili?"

"Dada Konso, haki ya Mungu..."

"Anasema nini huyo?" Shangazi alikuwa ametokea mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi.

"Anasema ulisahau kliniki, mama."

"Mimi?" Shangazi akanitazama mimi, si binti yake. "Nesi yule mwenye miwani? Nimsahau kwa lipi? Alisema tupunguze vyakula vilivyosindikwa, huyu akaandika mapambio yake." Konsolata akampiga mama yake begani kwa furaha, wakaingia ndani wameshikana. Nilibaki pale nyuma ya jiko. Nesi hakuwa na miwani. Neno alilisikia kwangu mwenyewe, mara mia.

Ndivyo ukweli niliousema safi mara moja katika mwaka ule ulivyokataliwa, na uongo ukapewa nyumba. Nimekasirika nalo jambo hilo miaka hii yote na sijajua nimkasirikie nani. Nilifaulu, hisabati nikapata C, na Shangazi aliishi Mjimwema miaka kumi na sita mingine, mingi ikiwa mizuri, ya mwisho ikiwa migumu, na mimi au mke wangu hatukukosa hapo siku hata moja.

Lakini kilichotokea baada ya Konsolata kuondoka sikupata kukisimulia msibani, kwa kuwa nilikuwa na shughuli ya kugombana na kreti. Tulimpeleka stendi, basi likaondoka, tukarudi. Shangazi akawasha moto, akaketi kwenye kigoda bila kuinjika kitu. Nilidhani atanigombeza.

"Thadei."

"Naam, Shangazi."

"Hakuwa na miwani, eh?"

"Hakuwa nayo."

 Akasukuma kuni, akapuliza, moshi ukamwingia machoni, akaufuta kwa ncha ya khanga bila kuulalamikia. Kisha akajiweka sawa, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka, jinsi alivyokuwa ananikalisha mimi mbele ya ubao.

"Basi niambie alisema nini," akasema. "Yote, tangu tulipoingia. Neno kwa neno, polepole, na usitie chumvi."

Nikavuta kigoda kingine, nikakaa karibu naye, nikaanza.